Kabla Hujaenda Kuwatafuta Walio Mbali

Njeri mwanangu,

Mambo ya sweta, ya kadi ya chanjo, ya kutomshikia mtu yeyote mzigo pale uwanja wa ndege, mama yako ameyasema mara tatu na kesho asubuhi atayasema ya nne. Mimi sitayagusa. Nimekaa mezani hapa jikoni, yeye yuko sebuleni anapiga nguo zako pasi, na wewe umekwenda Elburgon kumuaga shangazi yako. Nimeona nikingoja urudi nikwambie kwa mdomo, nitaanza kukohoa, kisha nitakuuliza kama huko kwa shangazi mvua imenyesha, na jambo litaishia hapo. Unanijua. Kwa hivyo nimeshika kalamu.

Nataka kukueleza kwa nini mwezi wa nne nilikukatalia.

Uliiweka ile barua ya chuo kando ya sahani ya githeri. Mama yako akaanza kuimba kabla hata hujamaliza kuisoma. Ukatuambia unaenda kusoma viumbe vidogo sana, vile vinavyoishi mahali ambapo hapafai kuishi kitu, ili watu wajue watafute nini kwenye sayari nyingine. Mimi nikaweka kijiko chini.

"Unaenda kusomea kitu hakuna mtu amewahi kuona?"

"Si ndio maana naenda, Baba."

"Daktari anasomea ugonjwa uko. Mwalimu anafundisha mtoto yuko. Wewe utakaa mbele ya nini? Hewa?"

Uliinuka ukaenda chumbani kwako. Mama yako akasema pole pole, "Baba Njeri, huyu mtoto amengojea hii barua tangu Krismasi." Kwa wiki tano baada ya hapo mimi na wewe tulisalimiana kama majirani walio na kesi ya mpaka.

Ulifikiri nimeona swali lako ni la kipuuzi. Sivyo. Nililiogopa kwa sababu nalijua. Mimi pia, kwa njia yangu ndogo ya hapa kwetu Dundori, nimewahi kutafuta kama kuna uhai mahali fulani. Nimetafuta mara mbili ambazo siwezi kuzisahau, na mara zote mbili nilikosea, kila mara kwa upande wake. Ya kwanza unaijua nusu. Ya pili huijui kabisa, na ndiyo inayonifanya nitoke jasho nikiandika.

Unamkumbuka shosho Tabitha, yule mjane mzee wa kule juu karibu na msitu, aliyekuwa akikuletea plamu kwenye kikapu cha viazi. Ulikuwa na miaka tisa. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka minne kwenye maabara ya kituo cha kupozea maziwa. Maabara ni jina kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha, hadubini moja, kabati la joto na jiko la gesi. Kila asubuhi nilichukua maziwa kidogo kutoka kwenye mkebe wa kila mkulima, nikayatia kwenye chupa yake, kisha nikayapaka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu. Kisahani kinakaa kwenye joto siku mbili. Kikitoka, unahesabu vidoa vilivyoota. Kila kidoa ni ukoo mzima uliotokana na kijidudu kimoja ambacho jicho lisingekiona. Vidoa vichache, maziwa ni safi. Vidoa vingi, mkulima anaonywa. Akionywa mara tatu, anatolewa kwenye orodha.

Niliipenda kazi hiyo, na zaidi nililipenda lile koti jeupe. Watu waliomaliza shule pamoja nami walikuwa wakipasua mbao ama wakilima, na mimi nilikuwa naangalia vitu ambavyo hakuna mtu mwingine Dundori aliweza kuviona. Mtu akiwa peke yake anayeona, hakuna wa kumwambia umeona vibaya.

Shosho Tabitha alikuwa na ng'ombe wawili na alitembea kutoka mbali, kwa hivyo kila asubuhi alifika wa mwisho. Maziwa yake yakaanza kuota vidoa. Nilipomuonya mara ya kwanza alicheka. "Mimi naosha ng'ombe kuliko ninavyojiosha." Mara ya pili hakucheka. Alikuwa amechemsha mkebe, amechemsha hata kitambaa cha kuchujia. Mara ya tatu alikuja akasimama nje ya dirisha la maabara, mkono mmoja umeshika chuma.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, shosho?"

"Hao wadudu unasema ni wangu. Nionyeshe niwaone."

"Hiyo ni mambo ya kitaalamu."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama aliyekuwa na umri wa kunizaa. Jina lake likatolewa. Mtu wa ng'ombe wawili asiye na mahali pa kupeleka maziwa hawezi kuwaweka muda mrefu. Aliuza mmoja, halafu wa pili. Plamu zikaacha kuja, na wewe ukaniuliza kwa nini, nikakuambia msimu wake umekwisha.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hukuwahi kuijua, na wewe ndiwe uliyeisababisha.

Ilikuwa Jumapili mchana, miezi mitatu baadaye. Ulikuwa umelala kifudifudi hapo sebuleni unafanya hesabu, redio inazungumza. Mtangazaji akaeleza kwamba mashine zinazotumwa sayari ya Mirihi huoshwa kwanza, zikapashwa joto, zikasuguliwa na watu waliojifunika mwili mzima, ndipo zirushwe. Ukainua kichwa.

"Baba, kwa nini wanaziosha? Kwani huko kuna mtu atachafuka?"

Nikafurahi. Swali la fani yangu! Nikakueleza kwamba mashine ikienda na vijidudu vya huku, halafu ipate vijidudu huko, wenyewe hawatajua kama wamepata wageni ama wamejipata wao.

Ukatafuna kalamu. "Na wewe? Unajuaje vile unapata kwa maziwa si vyako?"

"Mimi huchemsha chupa," nikasema.

"Zote?"

Nikakuambia maliza hesabu zako. Lakini lile neno moja liliniingia kama mwiba wa mchongoma, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Sufuria yetu ya kuchemshia ilikuwa inaingia chupa thelathini, na kabla sijamtoa Tabitha wakulima walikuwa wamefika thelathini na mmoja. Chupa ya thelathini na moja niliisuuza kwenye bomba. Aliyekuja wa mwisho ndiye aliyepata chupa hiyo. Kila siku.

Kesho yake nilisuuza chupa bombani kama zamani, nikatia maji niliyochemsha mwenyewe, hakuna maziwa, hakuna Tabitha, nikayapaka kwenye kisahani. Siku mbili baadaye nilifungua kabati la joto. Kisahani kilikuwa kimejaa vidoa kama ngozi ya chui. Nikakaa kwenye kiti nikakitazama hadi mlinzi akaja kuuliza kama naugua.

Ningependa kukuandikia kwamba nilikimbia siku hiyo hiyo kwenda kwake. Nilinyamaza miezi minane. Nilinunua sufuria kubwa zaidi, nikajiambia jambo limerekebishwa. Kumbe lilikuwa limerekebishwa kwangu tu. Nilichogundua ni kwamba mtu anaweza kupika chai, kwenda kanisani, kumfunga mtoto wake kamba za viatu, na kitu kama hicho kimekaa ndani yake, na hakuna anayemuona.

Kilichonitoa ni salamu. Nilikutana na Tabitha njiani asubuhi moja, anakwenda kuchimba viazi kwenye shamba la watu, kwa kibarua, kwa umri ule. Akasogea kando ya barabara anipishe. "Habari ya asubuhi, daktari," akasema. Bila kejeli. Aliniamini kuliko alivyoiamini mikono yake mwenyewe iliyoosha wale ng'ombe.

Jioni hiyo nilikwenda kwake. Alinikaribisha uji. Nikamweleza yote, sufuria, chupa, kile kisahani, ile miezi minane. Akaweka bakuli lake la uji chini, akasema, "Kwa hivyo ulikuwa unatafuta wadudu kwa maziwa yangu, ukapata wako."

"Ndio, shosho."

"Na ukajua, ukakaa kimya."

"Ndio."

"Utaenda kusema mbele ya watu?"

"Nitasema."

"Sawa. Lakini kwanza unionyeshe."

Njeri, sikuelewa. Nilifikiri atalia, atanitukana, ataniita mbele ya wazee. Yeye alitaka kuona. Siku iliyofuata nilimfungulia maabara, nikaweka tone la maziwa yaliyoganda chini ya hadubini, nikamsaidia kufumba jicho moja. Mwanzoni hakuona kitu ila kope zake. Kisha akashtuka, akaishika meza.

"Wanatembea."

"Wengine hutembea."

"Wanajua tunawaangalia?"

"Hapana, shosho. Hawawezi kujua."

Akaangalia tena, sijui kwa dakika ngapi. Nje watu walikuwa wanagonganisha mikebe. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Na sisi?"

"Sisi nini?"

"Nani anatuangalia hivi, na hatujui?"

Nikamzungushia kioo kidogo aone vizuri zaidi. Swali hilo bado ninalo.

Nilisema mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika wa maziwa. Chama kikampa ndama jike kutoka kwa mmoja wa wanakamati, na jina lake likarudi kwenye orodha. Mimi nikatolewa maabara nikapelekwa kuosha mikebe mwaka mzima. Utakumbuka mikono yangu ilivyokuwa imepasuka, na nilivyowaambia nyinyi watoto kwamba kazi imebadilika kidogo. Mama yako alijua. Alinipaka mafuta mikononi hakuuliza swali. Na shosho Tabitha, tangu ndama wake alipokua akaanza kukamuliwa, hadi mwenyewe alipofariki, alifika wa kwanza kituoni kila asubuhi, hata mvua ikinyesha, na alipofika dirishani kwangu aliinua mkebe wake juu ili niuone vizuri.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Niliona uhai uliotoka kwangu, nikasingizia umetoka kwa mwingine.

Mara ya pili ilitokana na ya kwanza. Niliporudi maabara nilikuwa mtu mwingine, na nilidhani nimekuwa bora. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitasema tena kuna kitu mahali hakuna. Nikawa mtu wa kusema hakuna. Ni rahisi sana, mwanangu. Neno "hakuna" linasikika kama busara, na mara nyingi hakuna anayekuja kukuuliza umelitoa wapi.

Ulikuwa darasa la saba. Shule yenu ilipanga safari ya Bogoria kuona zile chemchemi za maji moto, na wazazi wachache tukaambiwa tuandamane. Unakumbuka mvuke, ile harufu ya yai viza, na maji yanaruka kutoka chini kama sufuria imesahaulika motoni. Watoto walichemsha mayai kwa kuyaning'iniza na kamba. Mwalimu wenu akanisukuma mbele: "Baba Njeri ni mtaalamu wa vijidudu. Muulizeni." Mvulana mmoja akauliza kama kuna kitu kinaishi ndani ya yale maji.

"Hakuna," nikasema. "Yanachemka, na yana magadi ya kuunguza ngozi. Ndiyo sababu tunachemsha maziwa. Kuchemsha kunaua kila kitu."

Wote wakaandika. Wewe hukuandika. Ulikuwa umechuchumaa mbele kidogo, pale maji yanapotoka kwenye chemchemi na kuteremka yakipoa kuelekea ziwani.

"Baba, na hii ya kijani ni nini?"

"Chumvi. Madini tu."

"Na hii ya machungwa?"

"Pia."

Ukaigusa kwa kidole. "Inateleza. Chumvi haitelezi, Baba."

Wenzako wakacheka, na hawakukucheka wewe. Walinicheka mimi. Nikasikia lile koti jeupe linanivuka mabegani, ingawa siku hiyo sikulivaa. "Njeri," nikasema, "nimesema." Kwa sauti ile.

Hukusema neno lingine hadi tulipofika nyumbani. Lakini nilikuona ukitumbukiza chupa yako ya maji kwenye ule utelezi na kuifunika. Uliiweka kwenye dirisha la chumba chako. Hukuniomba niiangalie kwenye hadubini, ingawa ulijua ninao ufunguo wa maabara mfukoni. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Mtoto aliyekuwa akiniuliza kila kitu alikuwa ameamua ni afadhali akae na swali lake.

Sasa hii ndiyo sehemu ninayotoa jasho. Wiki mbili baadaye, ulipokuwa shuleni, niliichukua ile chupa. Niliipeleka maabara, nikafunga mlango, nikaweka tone moja chini ya kioo. Njeri, kulikuwa na nyuzi. Nyuzi za kijani, ndefu, zimegawanyika vyumba vyumba kama mwanzi, na nyingine zilikuwa zinajongea, pole pole, zinapishana kama watu sokoni. Nikasogeza kioo nizifuate. Nimeangalia maelfu ya vidoa maishani mwangu na sijawahi kuona kitu kizuri vile. Kitu nilichokiapia mbele ya watoto arobaini kwamba hakipo kilikuwa kinapita mbele ya jicho langu, kina shughuli zake.

Halafu nikairudisha chupa dirishani, nikaigeuza upande uleule uliokuwa umeiweka. Na sikukuambia.

Ulipokuwa kidato cha pili ulirudi nyumbani kwa likizo umejaa furaha, ukaniambia mwalimu wa biolojia amewaonyesha ule ule utelezi wa Bogoria na kwamba ni hai, na kwamba hata ndani ya yale maji yanayochemka kabisa kuna wadogo zaidi ambao huwaoni kwa hadubini ya kawaida. Na mimi nikasema, "Kumbe?" Nilisema "kumbe" kama mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Ningeweza kukupa furaha hiyo miaka mitatu mapema. Ningeweza kukuita, tukafumba jicho moja moja kwa zamu. Nilikunyima kwa sababu sikutaka kuonekana nimekosea na mtoto wangu. Naomba unisamehe. Hilo ndilo neno nililoshindwa kulisema mwezi wa nne, na badala yake nikasema lile la hewa.

Kwa hivyo ulipotuambia unaenda kutafuta, mimi sikuona sayari wala nyota. Niliona mitego miwili ambayo baba yako aliingia yote. Niliona utakaa mbele ya mashine, mbali, peke yako, na ama utaona kitu mahali kisipo kwa sababu umekitamani sana, ama utakipita kilipo kwa sababu umekwisha kuogopa kuchekwa. Nikataka nikuzuie. Nikachukua woga wangu nikauvika nguo za ushauri.

Namshukuru Mungu kwa viazi. Ile Jumamosi ya mwezi wa sita mama yako alipotuketisha wawili nje tuchambue viazi vya mbegu, najua alifanya makusudi. Tulichambua gunia zima bila neno. Mwishowe nikakuuliza, bila kukuangalia, "Sasa huo uwezekano wenyewe ni kiasi gani? Kwamba wapo?"

Nilitarajia uniambie ni mkubwa. Ukasema, "Hatujui, Baba. Tuko na mfano mmoja tu. Hii dunia."

Nikashika hapo hapo. "Basi. Mkebe mmoja hauwezi kuniambia lori zima likoje."

"Lakini mkebe mmoja unakuambia maziwa yapo."

Nikatupa kando kiazi kibovu. Kweli, yapo. Nikakuambia, haya, kama huu wa kwetu una maziwa, na lori lina mikebe isiyohesabika, lazima kuna mwingine wenye maziwa. Nilifikiri nimekusaidia. Ukatabasamu, mara ya kwanza kwa wiki tano, ukatikisa kichwa.

"Hapo ndio kuna shida. Sisi hatukuchagua mkebe. Tumezaliwa ndani ya huu. Hata kama ingine yote ni mitupu, bado tungejikuta kwa ule mmoja uko na maziwa, na tungesema tu vile umesema."

Nilikaa na kiazi mkononi nikahisi ardhi imesogea. Miaka yote ya kupima, sikuwahi kufikiria kwamba anayepima anaweza kuwa yuko ndani ya anachokipima. Nikakuuliza mtafanya nini basi. Ukasema mnahitaji wa pili. Mmoja tu. Hata kijidudu kimoja, kwenye tope la mahali pengine, mradi hakikutoka kwetu wala sisi hatukutoka kwake. Ukipatikana mfano wa pili, ukasema, haitakuwa bahati ya mahali pamoja tena. Itakuwa ni jambo ambalo ulimwengu hufanya.

"Na msipopata?"

"Tutakuwa tumejua pale tumeangalia tu."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. "Pale tumeangalia tu." Nilitamani ningelijua nikiwa nimesimama Bogoria.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu, muulize mama yako. Nikienda Nakuru mjini kununua vipuri, nasimama kituo cha magari naangalia umati, najiuliza kama kweli hii yote ilianza na kitu kimoja kwenye matope, na kama ilitokea kwa urahisi kama ukungu kwenye mkate, au kwa shida ambayo haitarudiwa tena popote. Asubuhi naona jibu la kwanza ni wazi: mahali ni pengi mno, maji si haba huko juu, kwa nini iwe ni sisi tu? Ikifika mchana nageuka: kama ni rahisi hivyo, mbona kimya? Jioni narudi tena upande wa kwanza, kwa sababu nakumbuka nilivyokaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa zile nyuzi na sikuzisikia pia. Sijapata kufurahia kutojua kitu namna hii. Nilimweleza mama yako yote, la lori na la mikebe, nikamuuliza yeye anaonaje, kama Mungu angeumba wengine bila kutuambia. Alikuwa anakata sukuma wiki. Akasema, "Ametuambia mambo mangapi ya majirani?"

Nimesikia lango. Nadhani ni wewe, kwa vile mbwa hajabweka. Basi nimalize.

Sitakuambia usikosee. Utakosea, na pengine kwa njia ambazo mimi sina akili ya kuzifikiria. Ninachoweza kukuambia ni kwamba makosa yenyewe hayakuniharibia maisha. Ile miezi minane iliniharibia kidogo, na lile "kumbe" limeniharibia zaidi, kwa sababu lilinitenga na wewe. Ukikuta umesema kitu na si kweli, nenda ukaseme mapema, kabla hujazoea kukaa nacho.

Na kuna jambo moja ambalo mwezi wa nne sikuthubutu hata kulifikiria. Inawezekana utatafuta maisha yako yote na usikute. Watu wataniuliza hapa Dundori, yule msichana wako alienda kufanya nini, na alipata nini? Wengine watacheka. Waache. Ukitafuta miaka arobaini, nywele zikawa nyeupe, na ukapanda hiki kilima siku moja useme, "Baba, sijakuta," basi kama bado niko nitakuvutia kiti, nikuulize uliangalia wapi. Utaniambia mahali pa kwanza, halafu pa pili, halafu pa tatu, na hatutainuka hadi umalize. Safari hii nitakuwa nasikiliza.

Ni mimi ninayejifunza bado kuwa
Baba yako